Kompyuta ya Gari Haisemi Kilichoharibika

Mashine ya kupimia gari imesoma namba ya hitilafu P0335. Fundi anasema ni sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini, mwenye gari anatumwa kwenye maduka ya spea ya Ilala, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, kuitafuta, inafungwa, namba inafutwa, taa ya injini inazimika. Siku mbili baadaye taa imerudi na namba ni ileile. Hapo ndipo maneno huanza: sensa ni feki, muuzaji ni tapeli, kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa. Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. P0335 inasema tu kwamba kontroboksi ya injini haipati mawimbi inayoyatarajia kwenye njia ya sensa ya kranki. Njia hiyo ina sensa yenyewe, soketi iliyokaa chini ambako mafuta na matope hurukia, nyaya mbili au tatu zinazopita karibu na injini yenye moto, na pini za kontroboksi upande wa pili. Sensa ni mshukiwa mmoja tu.

Kontroboksi haina macho. Inachokijua ni volti iliyopo kwenye pini zake, basi. Chukua sensa ya joto la hewa inayoingia kwenye injini. Kontroboksi hutuma volti 5 kupitia ukinzani (kizuizi cha umeme) uliomo ndani yake, na sensa huivuta volti hiyo chini kulingana na joto: hewa ikipata moto volti hushuka, hewa ikipoa hubaki juu. Waya ukikatika hakuna tena kinachoivuta chini, inabaki 5, na kontroboksi inaamini kuna baridi kali kupita kiasi. Ndiyo maana ukifungua data za moja kwa moja kwenye mashine unaweza kukuta gari liko Ubungo, Dar es Salaam, saa saba mchana, lakini hewa inayoingia inasomeka nyuzi 40 chini ya sifuri. Namba inayokuja na hali hiyo ni P0113.

Usinunue kitu bado. Chomoa soketi ya sensa, chukua kipande cha waya mwembamba, unganisha matundu mawili ya soketi upande wa nyaya za gari, huku ukiangalia mashine. Usomaji ukiruka kutoka -40 hadi zaidi ya nyuzi 100 za joto, nyaya ni nzima, soketi ni nzima na kontroboksi ni nzima. Aliyebaki ni sensa. Usomaji usipobanduka kwenye -40, sensa haina kesi, na hata ukinunua tano taa itarudi. Jaribio hili ni la nyaya mbili za sensa ya joto tu. Kwenye Toyota nyingi sensa hiyo imejificha ndani ya sensa ya hewa yenye nyaya tano, kwa hiyo tafuta kwanza mchoro wa nyaya ujue mbili zenyewe ni zipi. Ukiunganisha zisizo zake utapiga shoti, na hapo utakuwa umetengeneza hitilafu mpya kwa mkono wako.

Kwa wenye magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kuna kero nyingine. Soketi ya kupimia yenye pini 16 ipo chini ya usukani, inafanana kabisa na ile iliyolazimishwa kisheria Marekani tangu 1996, lakini kile kifaa cha bei rahisi cha Bluetooth unachochomeka na kusoma kwenye simu hukataa kuongea na baadhi ya magari hayo, hasa ya zamani kidogo. Kifaa kikikataa si ushahidi kwamba gari ni bovu. Tafuta mashine inayojua lugha ya mtengenezaji husika.

Betri kwanza, hata kama unaona ni mpya

Kabla ya kumtafuta mchawi ndani ya kontroboksi, pima betri. Mita ya kidijitali ya bei ya kawaida inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikishafika 12.0 imekaribia kwisha. Kisha mwambie mtu apige stata huku macho yako yakiwa kwenye mita. Ikizama chini ya volti 9.6 wakati imechajiwa vizuri, betri hiyo imechoka, hata kama taa za mbele zinawaka vizuri na honi inalia. Taa hazihitaji nguvu nyingi. Stata ya gari dogo inaweza kumeza ampea 150.

Injini ikiunguruma, alternata (jenereta inayochaji betri) ikiwa nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.7. Hapa mafundi wengi huhukumu haraka. Magari mengi ya miaka ya karibuni hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na unaweza kusoma volti 12.8 kwenye gari lisilo na ubaya wowote. Washa taa kubwa, feni na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma. Volti ikipanda, alternata inafanya kazi na kontroboksi ndiyo iliyokuwa inaibana. Ikizidi kushuka, sasa una sababu ya kufungua alternata.

Naisisitiza betri kwa sababu gari la leo lina kontroboksi nyingi: ya injini, ya gia, ya breki (ABS), ya mifuko ya hewa, ya usukani wa umeme, ya milango. Volti ikizama wakati wa kupiga stata, baadhi hujizima kwa sehemu ya sekunde, na zilizobaki huandika kwamba zimepoteza mawasiliano na wenzao. Unakuja kusoma mashine unakuta namba kumi na mbili na dashibodi imewaka kama mti wa Krismasi. Usianze kuzishughulikia moja moja. Ziandike zote, chaji betri au ibadilishe, zifute, endesha gari, kisha uone zipi zimerudi. Mara nyingi hurudi moja, au hakuna.

Waya mzima usiopitisha umeme

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Gari linapiga "tik" moja, stata haizunguki. Betri nzima, stata imetolewa na kujaribiwa chini, inazunguka vizuri. Fundi anachukua mita, anaiweka kwenye alama ya mlio, anapima waya mnene wa ethi, yaani wa upande wa hasi, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Mita inalia. "Waya mzima huu." Anahamia kwenye swichi, kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na jioni anahamia kwenye kontroboksi.

Mita ililia kwa sababu ilipitisha umeme kidogo mno, na umeme kidogo hupita hata kama ndani ya waya umebaki uzi mmoja wa shaba. Piga hesabu: ukinzani wa omu 0.01, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuona kwa kuwa nyaya zake zenyewe zina ukinzani zaidi ya huo, ukipitishiwa ampea 150 unakula volti 1.5. Ukifika omu 0.03 unakula volti 4.5, na stata haigeuki ng'o. Waya uliolala haukuambii lolote. Uupime ukiwa kazini.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Weka mita kwenye volti. Ncha nyeusi iguse kichwa cha risasi cha hasi cha betri, kile kichwa chenyewe, si klempu iliyokikaba. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi wala grisi. Mwambie mtu apige stata. Unatakiwa uone volti 0.2 au pungufu. Ukiona 1.5, kiasi hicho cha nguvu ya betri kinaishia njiani kati ya betri na injini. Sasa sogeza ncha nyekundu kidogo kidogo ukirudi kwenye betri: kwenye boliti inayofunga waya wa ethi, kwenye kichwa cha waya, kwenye klempu. Pale ambapo usomaji unaanguka ghafla umekwisha kupita ugonjwa. Ugonjwa uko kati ya sehemu hiyo na ile uliyotoka kupima. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo, kutoka kichwa cha chanya hadi boliti nene ya stata, na huko vumilia hadi volti 0.5.

Kwa magari ya Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, ningeanza kila kesi ya umeme kwa kipimo hiki. Hewa ya chumvi huingia chini ya mpira wa waya, shaba inageuka unga wa kijani, na kwa nje waya unaonekana mpya. Kuosha injini kwa maji ya presha kunamalizia kazi. Dawa mara nyingi ni spana namba 10, msasa na dakika ishirini: fungua boliti ya ethi, safisha chuma hadi king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi juu. Ikiwa uozo umeingia ndani ya waya wenyewe, badilisha waya mzima.

Sensa moja inayowaponza wenzake

Rudi kwenye zile volti 5. Sensa za nyaya tatu, kama ya pedeli ya mafuta, ya throto (mlango wa hewa ya injini), ya mgandamizo wa hewa, na kwenye magari mengi hata ya presha ya gesi ya kiyoyozi, hupewa volti 5 kutoka kontroboksi, na kadhaa hugawana chanzo kimoja. Ni kama wapangaji wa nyumba moja wanaotegemea bomba moja: wa chini akiacha maji yamwagike, wa juu hawapati tone. Sensa ya kiyoyozi ikipiga shoti ndani yake, volti 5 inaporomoka kwa wote, na mashine inakuletea namba za throto, za pedeli na za mgandamizo kwa pamoja. Anayesoma namba bila kufikiri atanunua sensa tatu nzima na kuiacha ile moja mbovu ambayo huenda haikutajwa kabisa.

Kwenye Toyota nyingi hali hii ina dalili yake. Volti 5 ikipigwa shoti, ubongo wa kontroboksi nao unakosa uhai. Ukiwasha swichi, taa ya injini haiwaki kabisa, hata ile sekunde chache inazotakiwa kuwaka kabla ya kupiga stata, na mashine ya kupimia inasema haipati mawasiliano. Hapo wengi hutangaza kifo cha kontroboksi na kutafuta mtumba. Ni kweli kwamba kontroboksi yenye fyuzi iliyoungua au ethi iliyokatika hufanya hivyohivyo, kwa hiyo hakikisha hivyo viwili kwanza. Kisha weka mita kwenye waya wa volti 5 wa sensa yoyote na uanze kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine, swichi ikiwa imewashwa. Ukichomoa moja na volti 5 ikarudi palepale, umemkamata. Ukichomoa zote na bado volti haijarudi, kuna waya uliochunika na kugusa chuma. Panya ni watuhumiwa wa kweli hapa, hasa gari likikaa muda bila kutembea.

Wanapoacha kusikilizana

Zamani kila swichi ilikuwa na waya wake hadi kwenye taa yake. Sasa kontroboksi zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo uitwao CAN, ambao Bosch walianza kuutengeneza mwaka 1983 na kuutangaza Detroit mwaka 1986. Tangu magari ya mwaka 2008, Marekani inautaka kwenye kila gari dogo linalouzwa huko, na Japani nako umeenea.

Hitilafu za mtandao huu huanza na herufi U. Watu huzisoma kinyume. U0100 ikiwa imeandikwa ndani ya kontroboksi ya ABS, mgonjwa si ABS. ABS ni mlalamikaji. Anasema hamsikii wa injini. Nenda kwa aliyenyamaza. Na ukifika kwake usianze na mtandao: angalia kama ana umeme na ethi. Fyuzi ya ampea 10 iliyoungua inaweza kunyamazisha kontroboksi nzima.

Kama umeme na ethi vipo, toa terminali ya betri, subiri kidogo, weka mita kwenye omu, na upime kati ya pini namba 6 na namba 14 za soketi ya kupimia. Mtandao usio na hitilafu una kizuizi cha omu 120 kila ncha, na viwili hivyo vikiwa sambamba unasoma karibu omu 60. Ukisoma 120, ncha moja imekatika. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Rudisha betri na uwashe swichi: waya mmoja utacheza juu kidogo ya volti 2.5 na mwingine chini kidogo yake. Mmoja ukiwa 0 umegusa chuma, ukiwa 12 umegusa waya wa betri. Kwenye baadhi ya magari mapya kuna kontroboksi ya lango kati ya soketi hii na mitandao ya ndani, na hapo vipimo hivi vitakueleza habari za kipande kimoja tu.

Betri inayokufa usiku

Gari lililozimwa haliachi kabisa kula umeme. Saa, alamu na kumbukumbu za kontroboksi zinahitaji kidogo, na miliampea 50 au pungufu ni jambo la kawaida. Zikifika 500, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya NS60 yenye ampea-saa 45 haitavuka wikiendi ndefu.

Kosa linalofanyika ni kuchomoa fyuzi moja moja mara tu baada ya kuzima gari. Kontroboksi huchukua muda kulala, nyingine nusu saa na zaidi, na kila unapofungua mlango au kurudisha fyuzi unaziamsha. Fungua boneti na mlango unaouhitaji, kisha funga kufuli ya mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Peleka ufunguo wa rimoti mbali. Subiri. Halafu weka mita kwenye milivolti na uguse vile vitobo viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi, bila kuichomoa. Fyuzi isiyopitisha kitu inasoma sifuri. Ya ampea 10 inayopitisha miliampea 100 itasoma chini kidogo ya milivolti moja, kwa hiyo unahitaji mita inayoonyesha sehemu za kumi za milivolti.

Mara nyingi njia itakupeleka kwenye kitu ambacho kiwanda hakikukiweka: redio iliyofungwa mtaani, alamu, amplifaya, traka (kifaa cha kufuatilia gari kwa mbali). Waya wa redio wa kumbukumbu na ule wa swichi vikibadilishana, redio haizimi moyoni hata kioo kikiwa cheusi.

Kuna desturi za gereji zinazopaswa kufa. Ile ya kutoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma "kuona kama alternata inachaji" ilivumilika kwenye Land Rover za zamani. Leo betri ndiyo inayotuliza alternata. Ukiitoa ghafla volti huruka hadi makumi kwa sehemu ya sekunde, na kontroboksi ndizo zinazolipia. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuomba moto, kwa kuwa fyuzi iko pale kulinda waya uliomo ndani ya dashibodi. Taa ya kupimia yenye balbu nayo ibaki kwenye saketi za taa na honi: balbu ya wati 5 huvuta takriban miliampea 400, kiasi ambacho pini ya kontroboksi inaweza kushindwa kukibeba.

Ukilazimika kutoa betri, jua kwamba redio ya ramani iliyokuja na gari kutoka Japani inaweza kujifunga na kudai namba ya siri au kadi yake ya SD. Na kama gari ni Aqua au Prius, nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kwa ncha za mita: betri kubwa ya Aqua nyingi ina volti 144, ya Prius nyingi 201.6, zinatosha kuua. Betri ndogo ya volti 12 kwenye magari hayo, ambayo kwa kawaida iko nyuma, ndiyo ya kupima kama tulivyoeleza.

Ugonjwa mgumu kuliko yote ni ule unaokuja na kuondoka. Gari linazima barabarani, linakaa dakika kumi, linawaka, na mashine haina namba hata moja. Kwenye magari ya mkopo na ya biashara, mahali pa kwanza pa kutazama ni traka. Aliyeifunga hukata waya wa pampu ya mafuta na kuingiza rilei ili gari liweze kuzimwa kwa mbali. Maungio yake mara nyingi ni nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu, na pampu inavuta ampea kadhaa muda wote. Maungio yanapata joto, yanalegea, gari linaruka tuta, pampu inasimama. Kontroboksi haioni kosa kwa sababu waya uliokatwa uko nje ya macho yake. Vuta waya mrefu kutoka kwenye soketi ya pampu hadi ndani, uunganishe na mita, iweke mahali ambapo abiria ataiona, kisha endesheni njia ileile yenye matuta. Gari likizima, asome yeye: mita ikiwa imebaki juu ya volti 12, geukia pampu na ethi yake. Ikiwa imeanguka hadi 6 au sifuri, rudi kwenye rilei ile, kata tepu, uangalie rangi ya shaba iliyo chini yake.